Chati ya Friji Namba Mbili

Machi 3, Jumatatu

Friji namba mbili: asubuhi 4, alasiri 5. Mvua ya kwanza imenyesha saa nane mchana, nzito, kwa dakika ishirini, ikaacha harufu ya vumbi bichi mpaka ndani ya stoo.

Daftari la zamani limejaa, naanza hili. Utaratibu ni ule ule: kwanza joto la friji, halafu hali ya hewa, halafu mengine yakiwepo. Siku nyingi huwa hayapo.

Leo yapo. Tumepokea vichupa ishirini vya vasopresini, dawa ambayo sijawahi kuitunza katika miaka kumi na tisa ya kukaa nyuma ya dirisha hili. Imeagizwa na daktari mpya wa chumba cha mahututi, yule ambaye wauguzi wanamwita Mrefu kwa sababu huinama kwenye kila mlango. Boksi limeandikwa: itunzwe kwenye baridi, isigandishwe. Nimeiweka rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma wenye barafu, nikaifungulia kadi yake. Ishirini.

Sijui kwa nini dawa za kupandisha presha tulizo nazo hazimtoshi.

Machi 5, Jumatano

4, 5. Mvua asubuhi. Nimepanga upya rafu ya sindano.

Machi 6, Alhamisi

4, 4. Mawingu tu.

Mrefu amekuja mwenyewe dirishani, akainama mpaka kidevu kikagusa kaunta.

"Mama Stoo, nasikia unaniulizia kwa watu."

"Sikuulizii wewe, daktari. Naulizia dawa yako."

Akacheka, akaomba penseli, akachora kwenye mfuniko wa boksi. Anasema mgonjwa akipata mshtuko, si ule wa kuogopa nyoka. Ni mshtuko wa mzunguko wa damu. Mishipa inalegea kama mpira wa suruali uliochoka. Damu ipo, msukumo haupo, na figo na moyo vinashinda njaa. Kisha akachora ubongo, na chini yake kitu kinachoning'inia, kidogo kama punje ya njegere.

"Hii tezi ni stoo," akasema. "Humu ubongo umeweka homoni yake. Presha ikianguka, inafungua mlango na kumwaga akiba yote. Homoni inakaza mishipa, inaziambia figo zisiachie maji. Lakini mshtuko ukiendelea siku ya pili, ya tatu, stoo inabaki tupu. Na kutengeneza nyingine kunataka muda, na mgonjwa muda hana. Wewe stoo ikiwa tupu, unaandika nini kwenye kadi?"

"Sifuri. Kwa wino mwekundu."

"Basi mimi nataka kuongeza kidogo kwenye hiyo sifuri. Vichupa vyako ni homoni ile ile, imetengenezwa kiwandani. Haiui vijidudu na si kila mtu inamsaidia. Inamshikilia mgonjwa mpaka antibiotiki zimalize kazi."

Nimeshinda nikiifikiria hiyo tezi. Sikujua kwamba kichwani mwa kila mtu amekaa mwenzangu.

Machi 10, Jumatatu

4, 5. Mvua mchana kutwa. Mahututi wamechukua vasopresini vinne jana na vinne leo, vyote vya fundi mwashi aliyeangukiwa na ukuta. Kadi inasema kumi na viwili.

Machi 12, Jumatano

5, 5. Mvua.

Fundi mwashi alifariki jana asubuhi. Mungu amrehemu. Kwa dozi ya Mrefu, vichupa viwili vinatosha siku nzima. Siku mbili ni vinne. Walichukua vinane.

Nimemuuliza Sista wa mahututi, ambaye hospitali nzima inamwita Sista Mbio kwa sababu hajawahi kuonekana akitembea.

"Vinne viko wapi, Sista?"

"Vimetumika."

"Kwa nani?"

"Mama Stoo, wewe hata siku ya kufa utawadai fomu ya kuingilia kaburini."

"Na wewe utaingia bila fomu, tena umeficha sanda mbili."

Akaondoka anacheka. Mimi sikucheka. Wauguzi wote wa wodini wana tabia hii ya kujiwekea akiba ya siri kana kwamba stoo ni adui. Nimeandika kwenye kadi: vinne havina maelezo.

Machi 16, Jumapili

Sipo kazini. Mvua tangu alfajiri, na bati la chumba changu linavuja pale pale pa mwaka jana.

Nimeweka sufuria chini ya tone, nikakaa kitandani, na dada akanijia. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Radi zilikuwa zinanitisha, naye alikuwa na miaka tisa, mimi mitano, akaweka sufuria chini ya paa linalovuja akaniambia, "Usiogope. Hesabu matone. Yakifika mia mvua itaacha." Haikuacha, lakini mimi nilikuwa nimeshalala. Tangu hapo akaniita Mhesabu. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo, hata mama.

Nyumba yake iko mtaa wa juu, nusu saa kwa miguu. Miaka minne sijaitembea hiyo nusu saa.

Niandike na sababu, kwa kuwa daftari la mwaka ule nililichoma. Ilikuwa siku ya hesabu ya mwaka hapa stoo. Saa nne asubuhi dada alinipigia: njoo, mama anakuulizia. Nikasema nimebakiza rafu mbili. Nilifika saa nane. Mama alikuwa amefariki saa saba. Dada alisimama mlangoni, hakunipisha. Alisema, "Rudi kahesabu. Huku tumeshamaliza."

Nilirudi kweli. Hilo ndilo ambalo hajanisamehe, wala mimi sijajisamehe.

Machi 17, Jumatatu

4, 5. Mvua.

Machi 21, Ijumaa

4, 4. Mvua. Fundi ameangalia mpira wa mlango wa friji, anasema bado una maisha.

Machi 25, Jumanne

5, 5. Mto umepanda. Wanasema wakiamka na maji ya namna hii watafunga daraja, na hospitali kubwa iko ng'ambo.

Machi 26, Jumatano

Asubuhi 4. Daraja limefungwa.

Chanjo za mwezi mzima zimefika kwa pamoja, nikajaza friji mpaka juu. Ilibidi nisukume kila kitu nyuma.

Saa sita Sista Mbio akaleta karatasi ya kuombea dawa. Noradrenalini, dawa yetu ya siku zote ya kupandisha presha, vichupa sita, antibiotiki, dripu. Kitanda namba 4, mwanamke, miaka 52, maambukizi ya figo yameingia kwenye damu, mshtuko. Halafu nikasoma jina. La kwanza ni la bibi yetu mzaa mama. La pili ni la baba yetu.

"Mama Stoo, mbona umesimama kama nguzo?"

"Nasoma mwandiko wako."

Nikampa dawa. Sikumwambia. Ningeanzaje? Kwamba kitanda namba 4 ni dada yangu wa tumbo moja, na sikujua kama anaumwa?

Alasiri 5.

Machi 27, Alhamisi

Naandika saa kumi na moja jioni, nikiwa bado stoo. Nitaandika kama ilivyotokea, kwa mpangilio, bila kujipendelea.

Saa mbili asubuhi nilifungua friji namba mbili. Kipimajoto kilisoma 3 chini ya sifuri. Jana niliposukuma maboksi, moja lilikuwa limegandamiza kitasa cha kuongezea baridi kilicho nyuma mpaka mwisho. Boksi la vasopresini lilikuwa limebanwa kwenye ukuta wa barafu. Karatasi yake ilikuwa imekakamaa kama ubao. Vichupa vya nyuma vilikuwa na barafu ndani. Nilivishika kiganjani, vikayeyuka, vikawa maji meupe kabisa, vinafanana na vya mbele. Ningevichanganya, hata mimi nisingejua kipi ni kipi.

Nilirudi kwenye chati. Jana saa tisa alasiri, kwa mwandiko wangu safi: 5.

Sikufungua friji jana saa tisa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti nikiangalia jina kwenye karatasi. Mkono ukaandika 5 kwa sababu saa tisa huwa ni 5. Miaka kumi na tisa nimewasema watu wanaojaza chati kwa mazoea. Kama ningefungua, ningeona inashuka, ningesogeza boksi, yote yangeishia hapo.

Nilirudisha kitasa mahali pake. Saa tatu Sista akaja, hata hakuegemea dirisha.

"Vasopresini viwili, kitanda namba 4, haraka. Noradrenalini peke yake haimshikilii."

Nilijua kanuni: iliyoganda haitumiki. Nilijua pia kwamba nikisema, vyote kumi na viwili vinatupwa, na daraja limefungwa, na dada atabaki bila kitu. Nikajiambia labda vya mbele havikuganda. Nikajiambia vinaonekana safi. Nikampa viwili.

Saa tano akarudi. "Noradrenalini sita zaidi. Mrefu anakuna kichwa. Anasema homoni imegoma, mwili wa huyu mama hauipokei."

Haikuwa dawa tu. Ile 5 yangu ilikuwa imepanda ngazi, imeingia kichwani mwa daktari, na huko inamfanya afikirie vibaya kuhusu mwili wa dada yangu. Nilifunga dirisha la stoo saa tano na dakika kumi. Sijawahi kulifunga kabla ya saa kumi.

Kwenye benchi la nje ya mahututi alikuwa amekaa shemeji, mume wa dada, fundi saa, mtu mpole ambaye huongea kana kwamba kila neno analitoa kwa kibano. Aliinuka.

"Shemeji," alisema. "Umejuaje?"

"Nisamehe, shemeji. Nitakueleza. Niache nipite kwanza."

Ndani niliona miguu kabla ya uso. Shuka lilikuwa fupi. Ningeijua ile miguu popote, kidole cha pili kirefu kuliko cha kwanza kama cha mama. Uso una mpira mdomoni na mashine inampumulia. Nywele zimekuwa nyeupe pembeni. Nilikuwa sijui.

Mrefu alikuwa anaandika. Nilimwambia yote, nimesimama wima kama mtoto wa shule: chanjo, kitasa, 3 chini ya sifuri, 5 ya uongo, viwili vya saa tatu. Nikamaliza: "Na huyu ni dada yangu."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Tangu saa tatu namlaumu mgonjwa," alisema. "Nilikuwa karibu kuacha njia hii kabisa. Kumbe sijampa chochote." Akaweka kalamu chini. "Na iliyobaki yote imeganda?"

"Yote. Siwezi kuapia hata kimoja."

"Na ng'ambo hakupitiki."

Sista Mbio alikuwa upande wa pili wa kitanda. Kwa mara ya kwanza nilimwona anatembea. Alitembea polepole mpaka kwenye friji ndogo ya wauguzi, akatoa chupa ya maji ya kunywa, akatoa bakuli la chakula cha mtu, akatoa boksi la glavu. Ndani ya boksi la glavu kulikuwa na vichupa vinne.

"Vya fundi mwashi," alisema, haniangalii. "Niliweka kwa ajili ya siku stoo itakaposema hakuna."

Na mimi, Mungu anisamehe, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikauliza, "Friji yako ina joto gani?"

"Tano. Njoo uone mwenyewe, maana leo chati ya mtu haiaminiki."

Nilienda nikaangalia. Ilikuwa 5.

Walimwekea saa sita kasorobo. Sikukaa. Nilirudi stoo, nikachukua wino mwekundu, nikakata ile 5 ya jana kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, nikaandika pembeni: sikuangalia. Nikasaini. Vichupa kumi nimevitenga vya kuteketezwa, chanjo zote nimezizuia mpaka zikaguliwe, na nimemwandikia mfamasia mkuu ripoti.

Saa kumi Sista ametokeza kichwa dirishani. "Presha imeanza kushika. Kidogo. Usifurahi bado."

Alasiri 5. Nimefungua. Nimesoma. Nimefungua tena.

Machi 28, Ijumaa

4, 5. Mvua. Noradrenalini ya kitanda namba 4: kumi.

Machi 29, Jumamosi

Nimekuja kazini ingawa si zamu yangu. 4, 5. Noradrenalini: kumi. Vinne vya Sista vinaisha leo. Mchana wamefungua daraja kwa magari madogo, na Mrefu amekwenda ng'ambo mwenyewe, akarudi na vichupa sita kwenye kibebeo cha barafu alichokipakata kama mtoto. Kabla ya kukipokea niliangalia kipimajoto chake. Hakukasirika. Alisema, "Angalia tena."

Machi 31, Jumatatu

4, 4. Mawingu. Noradrenalini: saba. Nimepewa barua ya onyo. Ni ya haki, nimeiweka kwenye faili.

Aprili 1, Jumanne

4, 5. Saba.

Shemeji huja dirishani kila siku saa nne, kana kwamba na yeye ana fomu.

"Ingia umwone, shemeji. Amelala tu, hatakufukuza."

"Ndiyo maana siingii. Nataka aniruhusu akiwa macho."

"Nyie wawili," akasema, "mmetoka kiwanda kimoja." Halafu akaongeza taratibu, "Unajua nyumbani tukipoteza kitu, ufunguo, miwani, anasemaje? Anasema, angekuwepo Mhesabu angejua kiko wapi. Miaka yote minne. Halafu anakasirika kwamba amesema."

Nilijifanya natafuta kalamu chini ya kaunta.

Aprili 2, Jumatano

5, 5. Mvua kubwa. Nne.

Wengine wanamwona kwa macho. Mimi namwona kwenye karatasi hizi. Nne ni kama amegeuza kichwa.

Aprili 3, Alhamisi

4, 5. Karatasi ya leo haina noradrenalini, haina vasopresini. Nimeigeuza nyuma kuangalia kama Sista ameandika huko. Hakuna.

"Stoo yake ya kichwani imeanza kutoa yenyewe?" nimemuuliza Mrefu.

"Tuseme hahitaji tena ya kwako."

Nimefurahi mpaka nimekosea kuhesabu bandeji, nikaanza upya.

Aprili 5, Jumamosi

4, 4. Wamemtoa mpira mdomoni.

Aprili 6, Jumapili

Sista Mbio alinifuata nyumbani na mwavuli uliovunjika. "Twende. Anamtaja mtu ambaye hatumjui. Mume wake anasema ni wewe."

Niliingia. Sauti yake imekuwa ya kukwaruza, kama ya mtu aliyepiga kelele siku kumi.

"Mhesabu," alisema. "Mbona umechelewa? Mama yuko wapi?"

Nilimtazama shemeji. Akatikisa kichwa polepole.

"Mvua imemzuia," nikasema.

"Ah." Akaridhika. Akainua macho kwenye dripu, akaanza kutabasamu. "Usiogope. Hesabu matone."

Nilikaa kwenye kiti nikayahesabu kwa sauti. Hakufika thelathini, akalala. Mimi niliendelea hadi mia.

Aprili 7, Jumatatu

4, 5. Nimeenda mchana. Kaniuliza kama nimefanya kazi ya shule.

Aprili 9, Jumatano

4, 5. Mrefu anasema mchanganyiko huu huwapata wengi waliotoka kwenye mshtuko, na kwa kawaida unaisha. Nilimwomba Mungu uishe. Halafu nikiwa natembea kurudi stoo nikajikuta naomba usiharakishe. Naandika kwa sababu nimesema sitajipendelea. Siku nne hizi ameniita Mhesabu mara kumi na saba.

Aprili 11, Ijumaa

5, 5. Jua kidogo.

Leo nilipoingia alikuwa ameketishwa, macho yamekaa sawa. Alinitazama muda mrefu. Niliona inarudi, kama mtu anayesoma karatasi mstari kwa mstari mpaka chini.

"Mama alishafariki," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Na wewe umeniambia mvua imemzuia."

"Ulikuwa unaumwa."

Akageukia ukutani. Nilisimama pale nikisubiri kwa dakika sita. Nikatoka.

Aprili 14, Jumatatu

4, 5. Karatasi ya kitanda namba 4: antibiotiki tu.

Aprili 16, Jumatano

4, 4. Mvua asubuhi. Antibiotiki, mara ya mwisho.

Sista Mbio amekaa nami chakula cha mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilimwambia sitaandika tena kwenye kadi "havina maelezo." Nitaandika: "akiba ya wodi", naye awe ananionyesha chati ya friji yake kila Ijumaa. Amekubali. Akasema, "Lakini boksi la glavu ni langu."

Nilikuwa namwona mwizi. Mtu amekaa miaka akiona wagonjwa wanaambiwa hakuna, akatafuta boksi la glavu.

Aprili 18, Ijumaa

4, 5. Hakuna karatasi yenye jina lake. Amehamishiwa wodi ya kawaida. Dawa zao hutoka dirisha jingine. Anavyopona ndivyo anavyonipotea. Nilipokuwa nampa dawa nilijua kila asubuhi yukoje. Sasa najua tu kwamba yupo, ng'ambo ya ua, nyuma ya madirisha sita ya bluu, na sijui la kwake ni lipi.

Aprili 19, Jumamosi

La kwake ni la tatu. Shemeji ameanika kanga yake hapo.

Aprili 23, Jumatano

4, 5. Mvua zimepungua. Kanga ipo.

Aprili 25, Ijumaa

4, 5. Kanga ipo. Chati ya Sista: nzuri, isipokuwa mwandiko.

Aprili 28, Jumatatu

4, 5. Jua.

Shemeji amekuja saa nne.

"Kesho tunaruhusiwa."

"Ashukuriwe Mungu."

"Nimemsimulia habari ya friji. Ulivyopanda kwenda kusema."

Sikutaka kuuliza. Nikauliza. "Amesemaje?"

"Alinyamaza. Nikadhani amelala. Halafu akauliza, barua ya onyo alipewa? Nikasema alipewa. Akauliza, ameiweka kwenye faili? Nikasema, naamini ndiyo." Shemeji akavua miwani, akaifuta. "Akacheka, shemeji. Mpaka kifua kikamuuma, muuguzi akaja."

"Hajasema niende."

"Hajasema."

Aprili 29, Jumanne

Asubuhi 4. Mawingu tangu saa sita.

Saa tisa kasoro dakika tano nilikuwa nimeshika kalamu na ufunguo wa friji. Kivuli kikaziba dirisha. Nilidhani ni Sista. Alikuwa dada, amesimama kwa miguu yake, mkono mmoja kwenye bega la shemeji, mwingine kwenye kaunta yangu. Gauni linamning'inia. Anapumua kama aliyepanda mlima, na ni ua tu amevuka.

"Ndiyo hapa?" akauliza, akichungulia rafu. Miaka kumi na tisa hakuwahi kufika.

"Ndiyo hapa, dada."

"Unafanya nini?"

"Saa tisa nasoma joto la friji."

"Inachukua muda gani?"

"Dakika moja."

"Siku ya mama uliniambia rafu mbili."

Shemeji alitazama saa yake, kisha akatazama pembeni.

"Nakwenda getini," dada akasema. "Gari limesimama huko. Siwezi kutembea haraka. Nisindikize."

Sista Mbio alikuwa anakuja na karatasi zake. Nilitoka kwa mlango wa pembeni nikamwekea kalamu mkononi, na ufunguo. "Namba mbili. Fungua, soma, andika. Usiandike kabla ya kufungua."

"Mimi?" alisema. "Kwenye chati yako?"

Tulikuwa tumeshaanza kwenda. Kutoka stoo hadi getini mimi hutumia dakika tatu. Tulitumia ishirini na tano. Alikuwa ananiegemea upande wa kushoto. Uzito wake ni mdogo, sikuuzoea. Karibu na kibanda cha mlinzi mvua ikaanguka bila taarifa, tukaingia chini ya kipaa chake, tukakaa kwenye benchi. Shemeji akakimbilia gari ili alisogeze.

Kipaa kinavuja pembeni. Tone likaanguka mbele ya miguu yetu, kisha jingine. Dada aliyatazama.

"Sijasahau," alisema. "Usidhani nimesahau."

"Sidhani."

"Ulikuwa umebakiza rafu ngapi, ile siku? Kweli kabisa."

"Moja na nusu."

Akatikisa kichwa. Alitikisa muda mrefu. Gari lilikuwa linakuja, taa zimewashwa mchana.

"Haya," alisema. "Hesabu basi, Mhesabu."

Nilihesabu. Nilifika sitini na mbili, akanishika mkono ili ainuke, na mkono hakuuachia mpaka mlango wa gari ulipofungwa.

Nimerudi stoo saa kumi kasorobo. Kisanduku cha saa tisa kina mwandiko wa Sista, mkubwa, umetoka nje ya mistari: 4 na nusu. Chati yangu haina nusu. Ufunguo uko juu ya kaunta. Friji iko hatua tatu kutoka nilipokaa.

Sijakwenda kuhakiki.